Nani Alisoma na Nani? Historia fupi ya kuhesabu ushirikiano wa wanafunzi, kutoka Kikuyu hadi WhatsApp

Kuna msamiati unaozungushwa sana vyuoni siku hizi: uchanganuzi wa data za ujifunzaji. Ukiuvua koti na tai, maana yake ni rahisi. Mwanafunzi akisoma kwenye mtandao, kila anachobofya kinaandikwa mahali. Unakusanya mibofyo hiyo, unaihesabu, kisha unajaribu kusema jambo kuhusu jinsi anavyojifunza. Na swali ambalo wahadhiri hutuletea mara kwa mara sisi waandishi wa programu ni hili: je, wanafunzi wangu wanashirikiana, au kila mtu anahangaika peke yake?

Swali ni zuri. Shida yangu ni majibu, kwa sababu siku hizi majibu hayo yanageuzwa alama, na alama ndizo humpa mtu shahada au kumnyima. Kwa hivyo leo turudi nyuma kidogo. Nairobi imekuwa ikifundisha watu walio mbali na darasa tangu miaka ya 60, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko upande wa magharibi, kuanzia Kikuyu hadi katikati ya jiji. Nitakachokuonyesha ni kwamba katika kila hatua ofisi iliona kitu kimoja, na wanafunzi walikuwa wakifanya kingine.

Kikuyu, 1967: data ilikuwa bahasha

Mwaka 1967, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa posta. Kitengo kilikaa Kikuyu, chini ya taasisi ya elimu ya watu wazima, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Marekani, USAID. Tatizo lililokiunda lilikuwa walimu. Shule za msingi zilikuwa zimeongezeka haraka baada ya uhuru, na walimu wengi sana walikuwa wakifundisha bila mafunzo. Huwezi kuwatoa wote darasani kwa mkupuo mmoja, kwa hivyo masomo yakawafuata walipo: vijitabu kwa posta, vipindi kwa redio ya Sauti ya Kenya, na mara moja moja kukutana ana kwa ana.

Sasa vaa kofia ya mtu wa data. Ofisi ya Kikuyu ingeweza kujua nini? Ingejua nani ametuma zoezi, lini, na amepata ngapi. Basi. Bahasha ikifika, mwanafunzi yupo. Bahasha isipofika, mwanafunzi ametoweka. Hata ratiba ya basi na mafuriko ya mto ziliingia kwenye data hiyo bila mtu kuzitia.

Lakini fikiria shule moja ya kijijini yenye walimu watatu waliojiandikisha kozi ileile. Wana redio moja, taa moja na jioni moja. Kipindi kikianza, unadhani kila mmoja alijifungia chumbani kwake? Huko Kikuyu zingefika bahasha tatu zenye majina matatu. Ule mjadala uliozaa majibu haukuwa na stempu, kwa hivyo haukufika.

Elimu hiyo ya mbali haikufa. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje, kitovu chake kikiwa hukohuko Kikuyu. Bahasha ziliendelea.

Kutoka Washington hadi Nairobi: chumba chenye dishi

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilizindua mradi wa African Virtual University, kwa kifupi AVU. Mhadhara ulirushwa kwa setilaiti, ukapokewa na dishi kwenye vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa kimojawapo. Picha zilikwenda upande mmoja tu. Mwanafunzi akiwa na swali alitumia simu au barua pepe. Mwaka 2002 makao makuu yalihama kutoka Washington yakaja Nairobi, na kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa Kilimani.

Hapa data iliongezeka kidogo: kulikuwa na orodha ya waliohudhuria, maswali yaliyopigwa kwa simu, na barua pepe zilizotumwa. Tena mtu wa takwimu angesema, "Darasa hili halishiriki, mbona maswali ni machache hivi?" Jamani, chumba kimejaa watu wanaomsikiliza profesa aliye bara jingine, na laini ya simu ni moja. Mwanafunzi asipoelewa, anamgonga kiwiko jirani yake. Jirani anamchorea kwenye ukingo wa daftari. Swali limeulizwa na limejibiwa, na setilaiti haikupokea chochote.

Mtoto wa redio anaandika Moodle

Tuvuke bahari kidogo, kwa sababu programu inayotumika kwenye vyuo vyetu vingi ilizaliwa kwingine. Martin Dougiamas alikulia jangwani Australia, mbali sana na mji wowote, akasoma shule ya msingi kwa redio ya masafa mafupi. Ndiyo, redio, kama wale walimu wetu wa 1967. Alipokuwa mkubwa mjini Perth aliandika Moodle, na toleo la kwanza kamili likatoka Agosti 2002. Msimbo ni huria, haulipiwi, na unakubali kukaa kwenye seva ya kawaida. Ndiyo maana vyuo visivyo na bajeti ya kununua mifumo ya Marekani viliupenda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Dougiamas aliijenga Moodle juu ya nadharia inayosema mtu hujifunza kwa kujenga kitu pamoja na wenzake. Jukwaa la majadiliano lilikuwa moyo wa mfumo. Kumbukumbu za mibofyo ziliwekwa kama mtunza seva yeyote anavyoweka: kujua nani kafanya nini, mambo yakiharibika. Kila tukio ni mstari mmoja wa jedwali: mtumiaji, saa, ukurasa, anwani ya IP. Zamani jedwali hilo liliitwa mdl_log. Tangu toleo la 2.7 la mwaka 2014 tunatumia mdl_logstore_standard_log. Fungua hifadhidata ya chuo chochote chenye wanafunzi elfu chache na utakuta mamilioni ya mistari imelala hapo.

Data nyingi iliyolala humtia mtu hamu. Ndipo tunafika kwenye grafu.

Grafu ya kwanza ilichorwa kwa kuuliza

Wengi hudhani ramani za nani anaongea na nani zilianza na Facebook. La. Mwaka 1932, katika shule ya kurekebisha tabia ya wasichana mjini Hudson, jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Daktari Jacob Moreno alitaka kujua kwa nini. Akachora kila msichana kama nukta, akaunganisha nukta kwa mistari kufuatana na nani alimpenda nani na nani hakumtaka nani. Mchoro ukaonyesha kwamba kutoroka kulifuata njia za urafiki, si tabia ya msichana mmoja mmoja. Mwaka 1934 akachapisha kitabu juu ya njia hiyo.

Shika neno moja hapo: Moreno aliwauliza wasichana wenyewe. Mistari ya grafu yake ilitoka vinywani mwao.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, karibu 2009, Shane Dawson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walitengeneza kifaa kiitwacho SNAPP. Ukiwa kwenye jukwaa la majadiliano unabofya mara moja, nacho kinakuchorea nukta na mistari palepale. Mwaka 2011 wataalamu wa fani hii walifanya mkutano wao wa kwanza wa kimataifa mjini Banff, Kanada, na uchanganuzi wa data za ujifunzaji ukawa taaluma yenye jina.

Grafu hizi hutengenezwaje? Hakuna uchawi. Kwenye Moodle kuna jedwali la mdl_forum_posts. Kila ujumbe una namba yake, mwandishi wake, na safu iitwayo parent inayosema ujumbe huu unajibu ujumbe upi. Unaliunganisha jedwali na lenyewe: aliyejibu upande huu, aliyejibiwa upande ule. Hesabu mara ngapi, chora mshale. Kwa mtu anayejua SQL ni kazi ya nusu saa, chai ikiwa moto.

Lakini angalia kilichobadilika tangu Moreno. Mstari sasa hausemi "huyu anasoma na yule". Unasema "huyu alibofya Jibu chini ya ujumbe wa yule". Na wanafunzi wenye haraka hubofya kitufe cha kwanza wanachokiona, kile kilicho chini ya swali la mhadhiri. Matokeo ni nyota: mhadhiri katikati, kila mtu ananing'inia kwake, hakuna anayemgusa mwenzake. Nimeona nyota hiyo ikionyeshwa kwenye mikutano kama ushahidi kwamba wanafunzi wetu hawajui kushirikiana. Ni ushahidi wa mahali kitufe kilipowekwa.

Mibofyo ya Nairobi

Sasa turudi nyumbani. Ili usome kumbukumbu za seva vizuri lazima ujue jinsi watu walivyofika kwenye seva hiyo.

Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Kenya mwaka 2009, mtandao wetu kwenda nje ulipitia setilaiti, ghali na mzito. Mwanafunzi wa mjini alikwenda saiba ya Moi Avenue au Tom Mboya, akalipa kwa dakika. Ukilipa kwa dakika husomi kwenye kioo. Unafungua, unapakua, unachapisha, unatoka. Karatasi zinapelekwa kwa mtu wa fotokopi, na kabla ya jioni darasa zima lina nakala. Seva imeandika nini? Mtu mmoja, mbofyo mmoja, dakika nne. Wale wengine wote, kwa mujibu wa seva, hawajaifungua hata kurasa moja.

Kwenye kampasi kulikuwa na jambo lingine. Maabara nzima ya kompyuta hutoka nje kupitia anwani moja ya IP. Mitandao ya simu nayo, kwa kuwa anwani za toleo la nne hazitoshi dunia nzima, hupitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Watu wawili wasiofahamiana, mmoja Kangemi na mwingine Rongai, wanaweza kuonekana kwenye seva kama wamekaa kiti kimoja. Mtu anayekuambia "hawa walinakiliana, IP ni moja" anakuambia tu kwamba hajui mtandao wa simu unavyofanya kazi.

Halafu ikaja WhatsApp. Ilianza 2009, ikapata vikundi 2011, na hapa kwetu ikawa darasa la pili. Kila darasa lina mwakilishi, na kila mwakilishi ana kikundi. Ratiba inabadilishwa humo, maswali yanajibiwa humo, picha za ubao zinatumwa humo, sauti za dakika tatu tatu za kueleza hesabu zinarekodiwa humo saa sita usiku. Tena ilikuwa rahisi kifedha: kampuni za simu ziliuza bando za WhatsApp peke yake kwa bei ya chini, ilhali kufungua mfumo wa chuo kulikula data ya kawaida. Mwanafunzi mwenye shilingi ishirini angechagua lipi? Jukwaa la Moodle likabaki kama ofisi ya serikali: unaenda pale kupigiwa muhuri tu.

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, masomo mengi ya vyuo vikuu yalihamia mtandaoni kwa haraka. Kumbukumbu za seva zikafura. Na pamoja nazo ikaja tabia ya kutoa alama za ushiriki kwa kuhesabu.

Kikundi cha Kawangware

Nitoe mfano, bila kutaja chuo wala mtu. Mhadhiri wa chuo kimoja upande wa magharibi wa jiji aliomba nimchoree grafu ya kozi yake. Alikuwa na kesi mkononi. Wanafunzi watano wa kikundi kimoja walikuwa kimya wiki nzima, kisha saa tano na dakika arobaini usiku, tarehe ya mwisho, wote watano wakatuma majibu yao ndani ya dakika chache, kutoka anwani moja. Chuo kilikuwa tayari kimewapa sifuri na kinaandaa barua ya kamati ya nidhamu. Nilitakiwa nilete mchoro wa kuambatanisha na barua hiyo.

Nilichora. Nukta tano pembeni, hakuna mstari kati yao. Katikati kulikuwa na msichana mwingine, malkia wa grafu, mwenye mistari kila upande. Nikasoma jumbe zake. Nyingi zilikuwa za maneno mawili: "Nakubaliana nawe." Alikuwa amejua mchezo unavyochezwa, na simlaumu, kwani alama zilitolewa kwa idadi.

Nikamwomba mhadhiri tuwaite wale watano kabla ya barua kutoka. Walikuja na daftari. "Mwalimu, sisi hukutana Kawangware, kwa huyu," mmoja akasema, akimwonyesha mwenzake. "Kompyuta ni moja na bando ni ya simu yake." Walikuwa wakikutana jioni, wanabishana, wanaandika kwenye daftari, kisha usiku wa mwisho kila mmoja anaingia kwenye akaunti yake kwa zamu, anaandika majibu yake, anatoka, mwingine anakalia kiti. Mhadhiri akawauliza mmoja mmoja waeleze walivyofikia jibu. Wote waliweza, na hawakueleza kwa maneno yaleyale. Mmoja hata alitaja hoja waliyoikataa na kwa nini waliikataa.

Kwa kipimo chochote cha maana, hicho ndicho kilikuwa kikundi kilichoshirikiana zaidi katika kozi hiyo. Kwa kipimo cha seva kilikuwa cha mwisho. Barua haikutumwa, sifuri zikafutwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Wangeandika SQL, wangeiweka hiyo kama maelezo juu ya kila hoja ya hifadhidata.

Sheria nayo ina neno

Hili si suala la huruma ya mhadhiri peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ilitiwa saini Novemba 2019. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi uliotokana na mashine peke yake, pale uamuzi huo unapokuwa na athari za kisheria au unapomgusa kwa uzito. Kumnyima mtu alama kwa sababu programu imesema hakushiriki, bila binadamu kuangalia, mimi naona kunakaribia sana mstari huo. Sheria hiyo pia ina meno: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Leo ni picha, kesho inaweza kuwa mibofyo.

Na mambo yanazidi kuwa mazito. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, makao yakiwa Konza, na masomo yake ni ya mtandaoni. Huko hakuna ukumbi ambamo mhadhiri atawaona wanafunzi wakinong'onezana. Kumbukumbu za seva ndizo macho yake.

Basi tufanyeje?

Sisemi tuzime kumbukumbu. Zina kazi yake. Mwanafunzi aliyekuwa akiingia kila siku kisha akapotea wiki tatu, hiyo ni sababu nzuri ya kumpigia simu. Ukurasa ambao darasa zima linaurudia mara sita pengine umeandikwa vibaya. Kwa mambo hayo data ni dhahabu. Ila kwenye ushirikiano, kwa wale mnaojenga au kununua mifumo hii, haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu:

1. Uliza kwanza, kama Moreno. Fomu fupi ya maswali mawili, "ulisoma na nani wiki hii?" na "wapi?", itakupa grafu ya kweli kuliko mamilioni ya mistari ya seva.

2. Usitoe alama kwa idadi ya jumbe. Utavuna "nakubaliana nawe" mpaka uchoke.

3. Ruhusu kikundi kitume jibu moja lenye majina ya wote, na sentensi moja ya kila mtu kusema alichangia nini. Mfumo ukubali kwamba watu wanne wanaweza kuwa nyuma ya akaunti moja kwa njia halali.

4. Anwani ya IP isiwe ushahidi wa udanganyifu peke yake. Kamwe.

5. Usikimbilie kuingia kwenye vikundi vyao vya WhatsApp kuchota data. Ukiingia, mazungumzo yatahama, na utakuwa umewavunjia faragha bure.

6. Mwonyeshe mwanafunzi grafu yake kabla hujaitumia dhidi yake. Mara nyingi atakueleza kosa lake kwa dakika moja.

Ukipita Kikuyu siku moja, kumbuka zile bahasha. Ofisi ya 1967 angalau ilijua kwamba haioni kijiji. Sisi tuna mistari milioni kumi kwenye jedwali na tunasahau haraka kwamba redio iko chumba kingine.

Nawasilisha. Wiki ijayo nitaonyesha jinsi ya kutengeneza ile fomu ya maswali mawili ndani ya Moodle bila kununua programu ya ziada.